Korongo nyangumi wa Malagarasi na moto wa kiangazi

Mafunjo ya kinamasi cha Malagarasi, magharibi mwa Tanzania, yakianza kukauka na moshi ukaonekana upande wa Uvinza au Kaliua, mimi huwaza viota kwanza. Korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mnene uliopinda nchani kama ndoana, hutaga maji ya masika yanapopungua. Kwa hiyo kifaranga wake hukulia katikati ya kiangazi, wakati ule ule wafugaji wanapochoma nyasi wapate chipukizi na wavuvi wanapofungua njia za mitumbwi.

Na uzazi wake ni mdogo mno. Mayai kwa kawaida ni mawili, lakini anayepona huwa mmoja tu, maana mkubwa humdonoa mdogo na kumnyima chakula. Huyo mmoja hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu. Jua likiwaka, mzazi humsimamia ampe kivuli, tena huchota maji kwa mdomo na kummwagia mwilini. Ndiyo maana naumia sana mtu anaposogeza mtumbwi hadi kiotani apate picha. Mzazi akiruka saa sita mchana, kifaranga anabaki juani peke yake.

Duniani kote korongo hawa wanakadiriwa kuwa 5,000 hadi 8,000 tu. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, hekta zipatazo milioni 3.25, ndiyo ya kwanza nchini kuingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, nafuu kubwa kwa ndege aliyekuwa akikamatwa na kuuzwa ng'ambo. Lakini orodha haizimi moto.

Ninachokitetea ni uchomaji wa mapema. Nyasi za pembezoni zichomwe zikiwa bado na unyevu, moto utambae taratibu na kufa wenyewe, ili ule mkali wa Agosti na Septemba ukose cha kula kabla ya kufika kwenye mafunjo. Ukichelewa hata wiki chache, moto huo huo unageuka kuwa adui.

Viota navyo vinahitaji walinzi. Kule Bangweulu, Zambia, wavuvi wa hapo hapo ndio wanaoajiriwa kuvilinda mpaka vifaranga waruke. Sisi nasi tunao wavuvi wanaojua kila mkondo wa kinamasi hiki. Fedha za uhifadhi zikipatikana, walipwe wao kwanza, magari yanunuliwe baadaye.