Waya kulia kwenye mita si ushahidi kwamba waya ni mzima

Hii ya "nimepima waya kwa mita umelia, basi stata ndiyo imekufa" nimeisikia tena na nimechoka nayo kabisa. Stata ni mota inayozungusha injini ili iwake, na mita kulia maana yake imeona umeme unapita kwenye waya. Lori la volti 24, dereva anawasha, solenoidi, yaani swichi ya sumaku-umeme inayopeleka umeme kwenye stata, inalia ta-ta-ta-ta, stata inashushwa, inafungwa mpya, injini inawaka, watu wanafurahi, halafu baada ya muda mlio ni ule ule na anayelaumiwa ni muuza stata.

Jamani, mita ikiwa kwenye mlio inapitisha mkondo mdogo mno. Stata ya injini nzito inavuta mamia ya ampia. Waya uliooza ndani ukabaki na nyuzi chache nzima, mita italia tu vizuri. Chukua eathi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, yenye ukinzani wa omu 0.004, ambao mita ya kawaida haiuoni, zidisha kwa ampia 500, tayari volti 2 zimepotea njiani. Hapo ni eathi peke yake, upande wa chanya bado hujaugusa.

Na ule mlio wenyewe unakwambia kitu. Solenoidi ina koili mbili, ya kuvuta na ya kushikilia. Kontakti, yaani vyuma vinavyopitisha umeme wa stata, zikigusana, ya kuvuta inaacha kazi inabaki ya kushikilia, ambayo ni dhaifu. Stata ikianza kula mkondo volti zinaporomoka, koili inaachia, plunja (chuma kinachovutwa na koili) inarudi, volti zinapanda, inavutwa tena. Kila pigo linaunguza kontakti, kwa hiyo ukiendelea kulazimisha ndiyo unaiua stata iliyokuwa nzima!

Sasa mbona stata mpya ilipiga? Kwa sababu ulipoifunga ulilegeza nati za waya, ukasugua vichwa, ukakaza upya. Kilichotibu ni kule kusugua.

Pima wakati stata inapigwa, yaani ufunguo umeshikiliwa kwenye kuwasha. Zima mafuta injini isiwake, mita weka volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kwenye klempu ya waya, nyingine kwenye bodi ya stata, mwenzako apige. Rudia upande wa chanya mpaka boliti kubwa ya stata. Upande mmoja ukila zaidi ya nusu volti mimi sigusi stata, nafuata waya kiungo kwa kiungo, na mara nyingi naishia kwenye ule mkanda wa eathi kati ya injini na chasisi, umeota kutu chini ya nati. Ikisoma 0.4 hapo kweli nasitasita, kwa sababu namba hiyo inabadilika na joto na hali ya betri, leo nauacha, kesho nabadilisha.

Ikiwa stata inapata volti za kutosha na bado haizunguki, haya, ishushe, hapo sina ubishi.

Kufunga kwenyewe ni haraka: toa hasi ya betri kwanza, kwangua rangi kwenye uso wa kufungia kama eathi inapita hapo, zungusha flaiwili (gurudumu la injini lenye meno yanayoshikwa na stata) mzunguko mzima uone meno yote, maana injini hupenda kusimama sehemu zile zile na meno ya hapo ndiyo yanayolika. Usipige zaidi ya sekunde 30 mfululizo, pumzisha dakika 2. Na ukiniletea stata kwamba imekufa, njoo na namba za volti ulizopima ikiwa inapigwa.