Mzazi wa Kidato cha Nne, Linda Saa za Mtoto Wako na Usimnunulie Pepa

Ikifika Septemba na Oktoba, simu za ofisi yetu ya elimu hazipumziki. Wazazi wachache huuliza ratiba. Wengi huuliza jambo moja: je, ni kweli pepa za kidato cha nne zinauzwa kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp? Anayeuliza hivyo mara nyingi si mtu mbaya. Ni mama aliyelipia tuisheni miaka minne kwa fedha ya vitumbua, na sasa anaogopa watoto wa wenzake watapata kitu ambacho wa kwake atakikosa.

Acha nijibu hili kwanza. Baraza la Mitihani la Tanzania haliuzi mtihani, wala halina wakala wa kuuza. Unachoonyeshwa kwenye simu kwa kawaida ni mtihani wa miaka ya nyuma uliobadilishwa mwaka. Ukishatuma fedha, namba ile haipatikani tena. Lakini fedha ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kijana kuacha kusoma wiki tatu za mwisho, akikariri majibu ya maswali ambayo hayatatoka.

Tena kukutwa na mtihani kabla ya wakati wake ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Mitihani, Sura ya 107. Kuhusu adhabu ya mtahiniwa, nimelieleza hili dirishani mara nyingi mno matokeo yakiwa yameshatoka, kwa hiyo nalieleza mapema: anayebainika kufanya udanganyifu hafutiwi somo moja. Anafutiwa matokeo ya masomo yote, pamoja na yale aliyoyafanya kwa haki. Simu ya mkononi hairuhusiwi katika chumba cha mtihani hata ikiwa imezimwa. Kuandika jina mahali pa namba ya mtihani nako ni kosa. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2022 yalipotangazwa Januari 2023, watahiniwa 337 walifutiwa matokeo, 333 kwa udanganyifu na wanne kwa kuandika matusi kwenye karatasi za majibu. "Hakujua" si utetezi, na mzazi aliyelipia pepa hana pa kukata rufaa kwangu.

Sasa tuje kwenye kazi ya mzazi hasa.

Naambiwa sana, "Mimi niliishia la saba, nitamsaidiaje Fizikia?" Hakuna anayekutaka umfundishe Fizikia. Kila mwaka Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Sababu za kufeli zinazojirudia humo ni zilezile: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, Kiingereza kimemshinda, au amejibu nusu akaacha. Swali limetaka maelezo, yeye ameorodhesha. Hilo haliponi kwa kusoma daftari mara ya sita. Linapona kwa kujibu maswali ya mitihani iliyopita kwa kuandika, saa ikiwa mezani, kisha mwalimu akasahihisha.

Nawe unaweza kupima. Mwambie afunge daftari akueleze kwa Kiswahili usanisinuru ni nini, au kwa nini fedha hushuka thamani. Akieleza ukaelewa, ameelewa. Akibabaika, hajaelewa, hata kama ukurasa wote ameukariri kwa Kiingereza. Dakika kumi za namna hiyo wakati mnasubiri ugali uive zina faida kuliko kumuuliza kila jioni, "Umesoma?" Ataitikia tu.

Baada ya hapo, muda. Binti wa kutwa anarudi saa kumi na moja, anachota maji, anapika, anaogesha wadogo zake, anaosha vyombo, na anafungua daftari saa nne usiku akiwa amechoka. Kaka yake wa darasa lilelile ameanza kusoma saa kumi na mbili. Matokeo yakitoka tunasema binti hana akili. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa, kwa sababu dawa yake haigharimu hata shilingi: gawa upya kazi za nyumbani kuanzia sasa hadi Novemba, baba naye akiwemo. Kwa wenzetu ambao mvua za kupandia huanza wakati huohuo, shamba litafute kibarua mwingine. Na kijana aliyepangishiwa geto, yaani chumba cha kuishi peke yake, karibu na shule atembelewe, tena bila taarifa.

Kukesha nako tukuache. Kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na ni katika usingizi ubongo unapohifadhi alichojifunza. Anayekesha na miguu kwenye beseni la maji baridi anasoma leo ili asahau kesho. Mahafali sitayasemea sana. Yanafanyika kabla ya mtihani, na fedha ya keki na muziki ingetosha taa ya sola.

Niseme pia kuhusu madaraja, maana hapa upotoshaji ni mwingi. Daraja hupatikana kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Akipata C saba ana pointi 21, hilo ni daraja la pili. C tano na D mbili ni pointi 23, daraja la tatu. C huanzia alama 45, na ili afikiriwe kidato cha tano anahitaji angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini. Kwa hiyo somo ambalo mock, yaani mtihani wa majaribio, ilimpa 40 lisitupwe. Hilo ndilo la kulipigania kwanza, kabla ya kukimbizana na A katika somo analolipenda. Kaa naye pamoja na mwalimu wa taaluma, muweke alama zake zote mezani. Maelezo haya hayachukui nafasi ya mwongozo wa Baraza wala ya mkuu wa shule.

Siku yenyewe, ratiba iliyoandikwa 8:00 a.m. ni saa 2:00 asubuhi, na 2:00 p.m. ni saa 8:00 mchana. Nimeshaona mtahiniwa akifika mchana kwa mtihani wa asubuhi, amevaa vizuri, kalamu mkononi. Anatakiwa awe kituoni nusu saa kabla, na akichelewa zaidi ya nusu saa baada ya mtihani kuanza haingii. Akiugua usiku, mpigie mkuu wa shule usiku huohuo. Wapo watahiniwa waliofanyia mtihani wodini, chini ya usimamizi, kwa sababu taarifa ilifika mapema.