Je, wajua kwa nini Francis Bay alionekana Eurovision miaka ya witiri tu?

1959, 1961, 1967, 1971, 1973. Ukizitazama kanda za zamani za shindano la nyimbo la Eurovision, katika miaka hiyo zamu ya Ubelgiji ikifika, anayeinua fimbo mbele ya okestra ni mtu yuleyule: Francis Bay. Miaka ya shufwa humwoni. Si ugonjwa, si kufukuzwa kazi. Ni mambo ya lugha.

Ubelgiji ina mashirika mawili makubwa ya utangazaji ya umma, moja la Kifaransa, jingine la Kiholanzi, lugha ya Waflandria wa kaskazini. Nafasi ya kila nchi Eurovision ni moja, basi wakawa wanapokezana: shufwa wasemaji wa Kifaransa, witiri Waflandria. Bay, mzaliwa wa Rijkevorsel mwaka 1914, alikuwa mtu wa NIR, redio ya Kiflandria iliyoitwa BRT kuanzia 1960.

Siku hizo redio iliajiri wanamuziki wake yenyewe. Bay alipiga tromboni, saksafoni na klarineti, akaja kuongoza okestra ya muziki mwepesi ya shirika: swing (aina ya jazi), dansi, na kuwapigia waimbaji. Eurovision ilikuwa kazi ngumu zaidi, maana wanamuziki wake walibaki nyumbani. Kiongozi alisafiri na nota, akakabidhi kila mpigaji wa okestra ya nchi mwenyeji karatasi yake, kisha katika mazoezi machache awafanye wageni wapige kama watu wake. Utaratibu huo ulidumu hadi 1998. Mwaka uliofuata okestra ikaondolewa.

Na mambo hayakwenda kama yalivyopangwa kila mara. Mwaka 1971 waimbaji wawili, Nicole na Hugo, ndio waliotakiwa kwenda Dublin. Zikiwa zimebaki siku chache tu, Nicole akashikwa na ugonjwa wa manjano, ule wa ini. Jacques Raymond na Lily Castel wakajifunza wimbo harakaharaka, Bay akauongoza. Nicole na Hugo wenyewe walipata nafasi yao 1973, wamevaa suti za zambarau zenye miguu mipana ajabu. Wakashika mkia! Kwa maoni yangu hawakustahili.

Bay alirudi mara ya mwisho mwaka 1979, Jerusalem, na Micha Marah, ambaye wimbo wenyewe hakuupenda hata akakataa kuurekodi. Mkia tena, safari hii pamoja na Austria. Ushindi wa kwanza wa Ubelgiji ulikuja 1986 kwa Sandra Kim, aliyeimba kwa Kifaransa. Hesabu mwenyewe: 86 ni shufwa.