Mavazi ya Usaili wa Kwanza kwa Kijana Anayeanza Kutafuta Kazi

Kazi yangu ni kuwasaili waombaji wa nafasi za kuanzia, zile zisizodai uzoefu, na wengi wanaofika mbele yangu ni vijana wa miaka 16 hadi 19 ambao hawajawahi kuketi mbele ya jopo. Wao na wazazi wao huniuliza mapema wanunue nguo gani. Ninaelewa kwa nini swali linaanzia dukani, lakini kwa kijana wa umri huu jambo linaloamua zaidi si bei wala mtindo, bali ni kama nguo inamkaa vizuri leo, si jinsi ilivyomkaa mwaka jana wala jinsi itakavyomkaa mwakani.

Haitafaa kumwambia kijana kwamba mavazi hayana uzito. Mwishoni mwa mwaka 2019, watafiti DongWon Oh, Eldar Shafir na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walionyeshwa picha za nyuso zenye mavazi tofauti ya sehemu ya juu ya mwili. Uso uleule ulihesabiwa kuwa wa mtu hodari zaidi pale nguo zilipoonekana kuwa za mtu mwenye uwezo zaidi kifedha, hata washiriki walipoagizwa wazi kwamba wasizingatie nguo, na hata picha ilipoonyeshwa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Matokeo hayo yananiuma, kwa sababu kijana hakuchagua kipato cha nyumbani kwao, na ni wajibu wetu tunaosaili kuwauliza wote maswali yaleyale na kuandika alama kabla ya kujadiliana. Hata hivyo, tofauti kati ya mavazi yale haikuwa kubwa. Hiyo ina maana kwamba kijana asiye na fedha za nguo mpya bado ana mengi ya kufanya kwa nguo alizonazo.

La kwanza ni kipimo. Katika kilele cha kubalehe kijana huweza kurefuka kwa sentimita 8 hadi 10 ndani ya mwaka mmoja, na nyayo na viganja hutangulia kukua kabla ya kiwiliwili. Ndiyo maana suruali iliyomfaa kwenye sherehe ya mwaka uliopita leo inaacha vifundo vya miguu wazi, na ndiyo maana wazazi wengine, wakihofia hasara, hununua suti kubwa kwa kupisha makuzi. Nguo ya namna hiyo humsumbua kijana mbele ya macho yetu: anapandisha mikono ya koti kila anapotaka kueleza jambo, na nusu ya akili yake inabaki kwenye nguo badala ya swali. Afadhali shati moja lililomkaa kuliko suti nzima inayomwogelea.

Kukagua kipimo si kazi ngumu. Mshono wa bega unapaswa kuishia pale mfupa wa bega unapoishia, mkono wa shati ufike kwenye kifundo cha mkono, ukosi ukifungwa uweze kupitisha vidole viwili kati yake na shingo, na vifungo vya kifuani visivutane mtu anapokunja mikono. Pindo la suruali liguse sehemu ya juu ya kiatu bila kurundikana. Fundi cherehani anaweza kupunguza kiuno, kufupisha mikono na kupandisha pindo kwa muda mfupi, lakini bega ni gumu kurekebisha na mara nyingi gharama yake haina faida. Kwa hiyo nguo ichaguliwe kwa bega kwanza, mengine yafuate. Ninawasihi pia wazazi wamwombe fundi asikate kitambaa kilichozidi kwenye pindo, bali akikunje ndani, ili suruali hiyohiyo iweze kuteremshwa baadaye kijana akirefuka.

Kuhusu aina ya nguo, mwongozo ninaouamini ni kutazama wafanyakazi wa mahali pale wanavyovaa siku ya kawaida, kisha kuvaa kwa heshima kidogo zaidi yao. Wakivaa fulana na jinzi, shati lenye ukosi au blauzi ya rangi moja pamoja na suruali ya kitambaa au sketi inayofika magotini yanatosha kabisa, na tai haihitajiki. Wakiwa ni watu wa mashati na viatu vya ngozi, koti linaweza kuongezwa. Kwa kazi ya karakana, ghala au jikoni, suti inaweza hata kumfanya msaili ajiulize kama mwombaji ameielewa kazi, ilhali viatu vilivyofunika vidole na nguo zisizoning'inia zinaonyesha kwamba ameifikiria. Asiyeweza kwenda kuangalia anaweza kumuuliza kwa adabu yule aliyempigia simu kumwalika, na hakuna msaili mwenye busara atakayemshushia alama kwa swali hilo.

Sioni aibu yoyote katika nguo za kuazima, wala katika suruali au sketi ya sare ya shule isiyo na nembo, mradi iwe safi na imepigwa pasi. Rangi ya bluu iliyokoza na kijivu husamehe mengi. Nyeusi nayo inafaa, ila iliyopauka kwa kufuliwa hujitangaza, hasa ikivaliwa na nyeusi nyingine iliyo mpya.

Viatu ndivyo vinavyobana kwanza, kwa sababu ya ukuaji niliokwisha kuutaja, na kijana mwenye maumivu ya vidole hawezi kuyaficha usoni. Vijaribiwe jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, na vikiwa vipya vivaliwe nyumbani kwa siku kadhaa kwanza. Raba safi za rangi moja zinakubalika mahali pengi pa kazi, lakini zenye kamba chafu hazikubaliki popote.

Kuna jambo ambalo watu wazima huona haya kumwambia kijana. Kubalehe huamsha tezi za jasho za kwapani, na woga huongeza jasho, kwa hiyo harufu inaweza kumwondoa msaili kwenye mazungumzo hata kama majibu ni mazuri. Pamba hubeba harufu kidogo kuliko poliesta, na fulana nyepesi ya ndani hulinda shati lisionyeshe majimaji. Kuoga na kutumia kiondoa harufu kunatosha. Manukato mengi katika chumba kidogo ni kero kama jasho lenyewe.

Nywele ziwe nadhifu kwa namna yake mwenyewe, kucha ziwe safi, mapambo yasigongane anapoongea. Hijabu, kilemba au vazi jingine la dini halimpunguzii mtu unadhifu, na simshauri kijana yeyote alivue ili apendwe.

Siku mbili kabla ya usaili, avae kila kitu kwa pamoja, akae kwenye kiti kwa dakika kumi mbele ya kioo, ainuke, ainame, anyooshe mkono kusalimia. Sketi inayoonekana ndefu mtu akisimama huweza kupanda sana akiketi, na blauzi isiyo na tatizo chumbani huweza kupitisha mwanga ikifika dirishani. Siku mbili zinaacha nafasi ya kushona kifungo, kufua tena au kuazima kingine.

Usaili ukifanyika kwa video, mistari myembamba iliyosongamana huchezacheza kwenye kamera, na shati jeupe sana linaweza kuifanya kamera itie giza uso, hasa wa mtu mwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo bluu ya wastani ni salama zaidi. Asivae rangi inayofanana na ukuta ulio nyuma yake, na avae suruali au sketi ya heshima vilevile, maana huenda akalazimika kuinuka kufunga mlango. Akipigiwa simu kwamba amepata kazi, aulize palepale siku ya kwanza avae nini na kama kuna sare atakayopewa, ndipo familia iamue kama kuna haja ya kununua kitu.