Je, wasichana wa ngano za kale walisubiri tu kuokolewa?

Wasomaji wengi hapa Nairobi wanaamini kwamba wasichana wa ngano za Ulaya walibaki jikoni wakisubiri kuokolewa, na kwamba ujasiri wao umebuniwa na wasimulizi wa siku hizi. Imani hiyo inaeleweka, na kweli wapo wanaosubiri, kama yule binti aliyelala miaka 100.

Hata hivyo, katika mkusanyo wa Kijerumani uliochapishwa mwaka 1812, Gretel, msichana aliyetekwa na mchawi pamoja na kaka yake, ndiye anayemsukuma mchawi huyo ndani ya tanuri na kumfungulia kaka yake. Katika ngano ya Kinorwe ya dubu mweupe, msichana anasafiri mbali mno, akibebwa na upepo, kisha anamkomboa mwana wa mfalme, ambaye ndiye dubu yule aliyerogwa, kwa kufua shati lililodondokewa mafuta ya mshumaa, ambalo mazimwi wameshindwa kulitakasa. Hapo ndipo ninapoguswa zaidi: kazi ya nyumbani, ambayo tumezoea kuiona kuwa kifungo, inageuka silaha mikononi mwake.

Anayetaka kuhakiki atafute matoleo mawili kamili ya hadithi moja, hata kwa wauza vitabu vya mitumba wa katikati ya jiji, kisha aandike kila tendo linalogeuza mkondo wa kisa pamoja na jina la aliyelitenda.