Ukumbi Ulijaa, Lakini Je, Mafunzo Yalifaa?

Anayesimamia mafunzo ya jamii huulizwa swali lilelile na kila mtu, kuanzia mfadhili hadi kiongozi wa mtaa: kazi hii inaleta matokeo? Majibu mengi yanayotolewa ni ya kweli, ila hayajibu kilichoulizwa. Na jambo hili linauma, kwa sababu watu wameacha shughuli zao kuja kutusikiliza. Wanastahili kujua kama muda wao ulikwenda mahali pa maana. Zifuatazo ni dhana potofu zinazotuzuia kuwajibu.

Dhana: Waliohudhuria ni wengi, kwa hiyo mradi umefanikiwa

Orodha ya mahudhurio inathibitisha kwamba watu walifika. Idadi ya vipeperushi inathibitisha kwamba vilichapwa vikagawiwa. Hiyo ni kazi iliyofanyika. Matokeo ni kile kilichobadilika baada ya watu kurudi makwao: wanajua nini, wanatenda nini, wana hali gani. Ripoti inayochanganya mambo haya mawili haimsaidii yeyote, hata ikipambwa kwa picha.

Dhana: Washiriki wenyewe wamesema umewasaidia

Hii ndiyo dhana ngumu kuliko zote kuing'oa, kwa sababu inagusa heshima. Nani atambishia mama aliyesimama mbele ya watu akashukuru?

Lakini tazama yaliyotokea Massachusetts, Marekani. Mwaka 1935, daktari Richard Cabot alianzisha mradi wa kuwazuia wavulana wasiingie katika uhalifu, katika miji ya Cambridge na Somerville. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana kwa umri, familia na mazingira, kisha mmoja katika kila jozi akachaguliwa kwa kurusha sarafu. Waliochaguliwa walitembelewa nyumbani na washauri, wakasaidiwa masomo, baadhi wakapelekwa kambi za likizo. Wenzao waliachwa waendelee na maisha kama kawaida. Miaka 30 baada ya mradi kwisha, mtafiti Joan McCord aliwatafuta. Katika wale waliosaidiwa, karibu theluthi mbili walisema mradi uliwafaa, na wengine waliwakumbuka washauri wao kwa upendo. Rekodi za mahakama, hospitali na vifo zilisema jambo jingine: hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wenzao, na katika mambo kadhaa, yakiwemo ulevi na kurudia uhalifu, hali yao ilikuwa mbaya zaidi.

Wanaume hao hawakudanganya. Ni kwamba hakuna mtu anayeweza kuyaona maisha ambayo angeishi kama mradi usingemfikia. Ndiyo maana shukrani, hata ikiwa ya dhati kabisa, haiwezi kubeba peke yake uzito wa ushahidi. Ushuhuda una kazi yake, tena kubwa: unaeleza somo lipi lilieleweka, lipi liliwachanganya watu, na nani alijiona ametengwa. Mambo hayo takwimu haziyaoni.

Dhana: Ukilinganisha kabla na baada, inatosha

Haitoshi, kwa sababu dunia haisimami kusubiri mradi umalizike. Sheria hubadilika, misimu hupita, vijana hukua. Zaidi ya hapo, miradi mingi huwachagua watu walio katika hali mbaya kuliko wenzao, na walio chini kabisa leo wengi wao hupanda kidogo kesho hata wasipoguswa na mtu. Mradi ukijipa sifa ya kupanda huko, unachukua kisicho chake. Dawa ni kuwa na kundi la kulinganisha: watu wanaofanana na washiriki lakini ambao hawajapata mafunzo.

Dhana: Elimu isipofaa, angalau haidhuru

Marekani iliwahi kushabikia mpango wa kuwapeleka vijana watukutu gerezani ili watishwe na wafungwa, na filamu ya mwaka 1978 ikaueneza kama tiba ya uhakika. Majaribio tisa ya nasibu, yaani yale ambayo bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani apelekwe na nani asipelekwe, yalipokusanywa na kuchambuliwa pamoja, vijana waliopelekwa walionekana kuvunja sheria zaidi kuliko wasiopelekwa. Hawa ni watoto wa watu, walioumizwa na mpango uliokusudia kuwaokoa.

Dhana: Ukitaka kujua kama tabia imebadilika, waulize

Mtu aliyetoka kufundishwa anajua jibu linalotarajiwa. Tafuta kiashiria kisichotegemea maneno yake. Utafiti wa mchumi Pascaline Dupas katika shule za msingi magharibi mwa Kenya ulihesabu wasichana waliopata watoto. Pale walimu walipofunzwa kufundisha mtaala rasmi wa VVU, uliosisitiza kujizuia, mimba za utotoni hazikupungua. Pale wasichana walipoelezwa kwamba wanaume wenye umri mkubwa wana maambukizi mengi kuliko wavulana wa rika lao, uzazi wa wasichana ulipungua kwa asilimia 28. Kipindi kifupi chenye taarifa mahususi kilifanya ambacho mafunzo ya walimu hayakufanya.

Dhana: Bila jaribio la nasibu hakuna ushahidi

Jaribio la nasibu lina nguvu, lakini si kila shirika lina uwezo wa kulifanya. Kama nafasi hazitoshi kwa wote, pigeni kura ya nani aanze; wanaosubiri zamu ndio watakaolinganishwa na walioanza, na hakuna aliyenyimwa haki. Kama hilo haliwezekani, tafuteni eneo jirani linalofanana, na mwandike wazi mnachokijua na msichokijua. Sampuli ndogo iliyochaguliwa kwa uangalifu ni bora kuliko madodoso mengi waliyojaza wale tu waliobaki hadi mwisho, maana walioondoka mapema huenda ndio walioona mafunzo hayawafai.

Dhana: Tathmini ni kazi ya mwisho wa mradi

Takwimu za awali zikikosekana, haziwezi kupatikana baadaye. Kumwomba mtu akumbuke alivyokuwa mwaka uliopita ni kumwomba abuni. Amueni kabla ya kikao cha kwanza mtapima nini, kwa nani na lini, kisha tengeni fedha za kurudi kuwatafuta washiriki miezi kadhaa baada ya mafunzo kwisha.