Kura ya Maoni kwa Simu: Inavyofanywa na Inakokosea

Kura ya maoni kwa simu ni utafiti wa kuwapigia watu wachache walioteuliwa kwa bahati nasibu, kuwauliza wangemchagua nani kama uchaguzi ungefanyika leo, kisha kutumia majibu yao kukadiria msimamo wa wapiga kura wote. Neno la kushika hapo ni "leo". Utafiti huu hautabiri matokeo. Unaeleza mambo yalivyokuwa siku zile simu zilipopigwa, basi.

Uchaguzi ukikaribia, simu ndiyo njia inayowahi. Kuwapeleka wahoji Turkana, Tana River na Kisii, kaunti za Kenya zilizo mbalimbali, wakabishe hodi nyumba kwa nyumba kunakula siku nyingi na fedha nyingi, na wakirudi mgombea mmoja huenda ameshajitoa au ameunga mkono mwenzake. Wahoji waliokaa chumba kimoja, vipokea sauti masikioni na dodoso kwenye kompyuta, huwafikia watu elfu mbili kwa siku chache.

Simu ikipokelewa, mhoji hujitambulisha, hutaja taasisi yake na kuomba ridhaa. Huanza na maswali mepesi: umetimiza miaka 18? Umejiandikisha? Uko kaunti gani? Ndipo lije swali lenyewe. Kompyuta hubadilisha mpangilio wa majina ya wagombea kila mara, maana nafasi ya jina kwenye orodha huweza kumvuta mtu asiye na uhakika. Anayesema hajaamua huulizwa tena, kwa upole, anaegemea wapi. Anayekataa huandikwa kuwa amekataa, na mhoji hana ruhusa ya kukisia jibu lake kwa kusikia lafudhi au jina la ukoo.

Swali ambalo watu hawachoki kuliuliza ni hili: watu elfu mbili watawasemeaje wapiga kura milioni 22, kama waliokuwa wamejiandikisha Kenya mwaka 2022? Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima chini. Huchoma bambo juu, katikati na chini, akaziangalia punje zilizotoka. Ukubwa wa gunia haumsumbui, mradi bambo lifike kila pembe. Kihesabu, ukiwahoji watu 1,000 walioteuliwa kwa bahati nasibu, kila asilimia unayoipata inaweza kuwa juu au chini kwa takriban pointi 3. Ukiwahoji 2,000, kiwango hicho cha makosa hushuka hadi pointi 2 na ushee. Kuanzia hapo, kuongeza watu kunaongeza gharama zaidi kuliko uhakika.

Vyombo vya habari huruka mambo mawili hapa. La kwanza, kiwango hicho kinamhusu kila mgombea peke yake, na kwa tofauti kati ya wagombea wawili wanaokaribiana hufika karibu maradufu. Anayeongoza kwa pointi 4 katika utafiti wa watu 1,000 hajulikani kwa hakika kama anaongoza. La pili, kiwango hicho ni cha nchi nzima. Wagawe watu 2,000 kwa kaunti 47, kila moja ipate sawa, na hakuna itakayozidi watu 43. Kwa watu 43, makosa ni pointi 15 hivi kila upande. Gazeti linalokwambia fulani anaongoza kaunti yako kwa pointi 6 kutokana na utafiti wa namna hiyo halijakwambia kitu.

Lakini hesabu hizo zote husimama juu ya sharti moja: kwamba kila mpiga kura alikuwa na nafasi ya kupigiwa, na kwamba aliyepigiwa alijibu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo tafiti nyingi huanguka, na hapa ndipo msomaji anapaswa kutazama kabla ya kutazama nani anaongoza. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma kadi karibu milioni 10, majina mengi yakiwa yametoka katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Gazeti likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alipata karibu asilimia 61 ya kura na kuchukua majimbo yote isipokuwa mawili. Wenye simu na magari wakati ule wa mdororo wa uchumi walikuwa wenye nacho, na waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa wachache kati yao.

Kwetu simu zimeenea, lakini si kwa usawa. Mwanamke anayetumia simu ya mumewe, bibi wa kijijini ambaye simu yake huzimwa hadi siku ya gulio apate pa kuichaji, mfugaji aliye mbali na mnara: hawa hupigiwa mara chache. Kijana wa mjini mwenye laini mbili ana nafasi mara mbili ya kupatikana. Wapo pia wanaopokea na kukata. Baada ya miaka ya meseji za matapeli za "ile pesa nitumie kwenye namba hii", mtu akisikia sauti asiyoijua inamuuliza kaunti na umri, swali lake la kwanza ni "namba yangu mmeitoa wapi?" Ana haki ya kuuliza. Marekani, kituo cha utafiti cha Pew kiliwahi kupata majibu kwa watu 36 katika kila 100 kiliowatafuta kwa simu mwaka 1997. Kufikia 2018 walibaki 6.

Watafiti hujaribu kuliziba pengo hili kwa kuyapa majibu uzito. Tuseme watu 1,000 waliojibu ni wanaume 600 na wanawake 400, ilhali sensa inaonyesha nusu kwa nusu. Jibu la kila mwanamke litahesabiwa kama 1.25, na la kila mwanamume kama 0.83. Ni dawa halali, lakini haitibu kila kitu: kama wanawake 400 waliopatikana ni wale wenye simu zao wenyewe, kuwapa uzito hakumleti yule asiye na simu.

Tanzania, taasisi ya Twaweza ilijaribu njia nyingine kupitia Sauti za Wananchi, utafiti wake wa simu. Iliteua kaya za Tanzania Bara, ikagawa simu na chaja za sola, kisha ikawa inawapigia watu walewale mara kwa mara. Kwa hiyo asiye na simu aliingia. Septemba 2015 ilitangaza kwamba, kati ya wagombea urais, John Magufuli alikuwa na asilimia 65 na Edward Lowassa 25. Matokeo rasmi ya Oktoba yalikuwa 58.46 na 39.97. Mshindi alipatikana sawasawa, lakini pengo la pointi 40 lilikuwa limeshuka hadi chini ya 19. Kundi lile liliundwa miaka michache kabla, kwa hiyo vijana waliotimiza miaka 18 baadaye hawakuwemo. Na kati ya utafiti na uchaguzi kulikuwa na wiki nyingi za kampeni kali.

Wiki za mwisho zina mambo yake. Katika uchaguzi wa urais wa Kenya 2022, kampuni ya utafiti ya Ipsos ilimpa Raila Odinga asilimia 47 na William Ruto 41, na nyingine, Infotrak, 49 kwa 42. Matokeo: Ruto 50.49, Raila 48.85. Ukitazama vizuri, kura za Raila zilikadiriwa karibu kabisa. Walioyumbisha hesabu ni wale waliosema hawajaamua au waliokataa kujibu, maana wengi wao inaelekea waliishia upande mmoja. Tena waliojitokeza vituoni walikuwa takriban asilimia 65 tu ya waliojiandikisha, ilhali kwenye simu ni rahisi kusema "nitapiga kura".

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura hizi inamtaka mchapishaji amtaje aliyegharamia utafiti, tarehe za mahojiano, mbinu na idadi ya waliohojiwa, na inakataza kutangaza matokeo katika siku tano za mwisho. Katika siku hizo ndipo hufurika kwenye WhatsApp picha zenye nguzo za rangi na asilimia kubwakubwa, bila tarehe wala idadi ya waliohojiwa, zimebandikwa nembo ya taasisi ambayo haikuzitoa. Hupigwa pia simu za aina nyingine: "Ungempigia kura fulani ukijua aliiba fedha za umma?" Anayeuliza hivyo hatafuti maoni yako, na jibu lako halihesabiwi popote.